Nchi Iliyokwama Alfajiri

Mwigo ni nchi ambayo ilikaa muda mrefu bila kuiona asubuhi. Alfajiri ilikuwa nayo, tena nzuri, yenye ukungu mwembamba na majogoo wanaoijua kazi yao. Lakini asubuhi yenyewe, ile ya maduka kufunguliwa na watoto kuingia darasani, ilikuwa haijafika tangu nchi ianzishwe. Bibi harusi mmoja alikuwa amekaa na hina mikononi tangu siku ya kwanza, naye alikwisha kuzoea kula kwa kulishwa. Ndivyo tulivyo binadamu, tukikosa dawa ya jambo tunaliita desturi.

Mafundi wa kompyuta wanazijua nchi za namna hii. Ni mtambo mzima, wenye sheria zake na wakazi wake, ulionakiliwa ukawekwa ndani ya mtambo mwingine, kisha ukaachwa uamini kwamba uko peke yake duniani. Nchi iliyonakiliwa iliitwa Asili. Ilikuwa na mitaa minne, na kila mtaa ulikuwa na jua lake. Asili ilipochakaa, wenye mamlaka waliamua kuifunga, na kabla ya kuifunga wakanakili kila kilichokuwemo: nyumba, watu, sheria, nyufa za kuta, hata neno lililokuwa nusu mdomoni mwa mtu. Kitu kimoja tu hakikunakilika, nacho ni yale majua manne.

Mwenyeji, yaani ule mtambo mkubwa uliokubali kuibeba Mwigo tumboni mwake, aliwapa nuru moja tu ya kuzunguka mitaa yote. Nuru hiyo hukaa penye shughuli. Ikiona mtaa umetulia, huhamia wa pili. Mtaa usio na nuru haufi wala haulali. Husimama pale pale ulipofika, kijiko kikiwa nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Nuru ikirudi, kijiko huendelea, na mwenye kijiko hana habari kwamba alisimama.

Sikudhani binti Athmani alizaliwa Asili, Mtaa wa Nne. Alikuwa msichana alipotoka kwenda kujifunza ufundi wa mitambo nchi za nje, na huku nyuma Asili ikanakiliwa na kufungwa. Kwa hiyo Mwigo ilimchukua mama yake, nyumba yao na birika lao la bati. Yeye haikumchukua, kwa sababu hakuwepo. Aliishi maisha yake yote akizifungua nchi za watu zilizokwama, mpaka nywele zikawa nyeupe na magoti yakaanza kubishana na ngazi. Mwigo hakuwahi kuiona. Fundi huingia nchi iliyomwita, na Mwigo ilikuwa haijamwita mtu, kwa kuwa haikujua kwamba ni mgonjwa.

Aliyemwita hatimaye ni Mwenyeji. Alikuwa amechoka kubeba nchi isiyosema wala kutenda, basi akawasha mshumaa mpakani. Mshumaa ukiisha kabla asubuhi haijaingia, Mwigo itafutwa, na mahali pake patapewa nchi nyingine, mpya na tupu. Sikudhani alifunga safari siku hiyo hiyo. Waliomwona akiondoka walidhani anakwenda kuokoa nchi, na yeye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alitaka kuisikia sauti ya mama yake.

Mlinzi wa mpaka alimkabidhi taa ndogo ya mkononi. "Hii ni nuru yako mwenyewe, bibi," akasema. "Utatembea hata pasipo na nuru ya nchi. Lakini haimwamshi mtu mwingine, hata ukimwekea usoni." Nyuma yake mshumaa ulikuwa umekwisha kuwa mfupi.

Mtaa wa Kwanza ulimpokea kwa kelele. Katikati yake palikuwa na mnara, na juu ya mnara alisimama Bwana Msellem, Mkuu wa Alfajiri, mtu mrefu aliyekonda shingo kwa kupaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuiamsha mitaa mingine mitatu, kwa maana sheria ya Asili ilisema hakuna duka, shule wala nikaha itakayofunguliwa mpaka mitaa yote iitike. Siku ya kwanza aliita, "Mtaa wa Pili, amkeni!" na tangu hapo alikuwa akiuliza, "Mmeamka? Mmeamka? Mmeamka?" bila kituo. Koo likimkauka, wapokezi wake walidaka neno kabla halijaanguka chini, na chini ya mnara mtaa mzima ulisaidia kungoja. Wengine walikimbia papo hapo waliposimama. Wengine walihamisha maji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, kisha wakayarudisha, ili isije ikasemwa kwamba wenzao walingojewa kivivu.

Juu ya mlango wa Baraza palichongwa maneno haya: AMNGOJAYE MWENZAKE ASIKETI. Sikudhani aliyasoma mara mbili. Aliyajua tangu utotoni. Kwao Asili baba hakuketi mpaka mama arudi kisimani, na watoto walisimama wakiegemea nguzo, njaa ikiwauma, mpaka wa mwisho aingie ndipo mkeka ukunjuliwe. Alikuwa hajakutana tena na watu wa namna hiyo, na ghafla akawaona wamejaa uwanja mzima, wote wamesimama. Alitamani kuwakumbatia mmoja mmoja.

Aliyempokea rasmi ni Bi Zamzam, Mlinzi wa Mfano, mwanamke mnene mwenye macho makali na sauti ya kufungulia mikutano. Ofisi yake ilihakikisha kwamba kila kitu Mwigo kiko kama kilivyokuwa Asili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akamkaribisha, kisha akamtembeza kwa fahari.

Alimwonyesha bomba la sokoni lililokuwa likivuja Asili, ambalo fundi mmoja alithubutu kuliziba, akatozwa faini na kuamriwa alitoboe tena. Alimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akichechemea zamani, mguu ukapona, naye sasa akichechemea kwa kibali. Wakafika stesheni. Palikuwa na jukwaa, kengele na afisa aliyevaa kofia, Bwana Faki, lakini reli haikuwepo, kwa kuwa reli ya Asili ilitoka nje ya nchi na haikuingia katika nakala. Bwana Faki alichungulia mashariki, akachungulia magharibi, akapiga kengele na kutangaza kwamba treni haijafika.

"Unajua kwamba hapana reli?" Sikudhani alimuuliza, kwa adabu.

"Najua, bibi. Lakini sheria inasema niulize kama treni imefika. Haikusema niulize kama reli ipo."

Sikudhani alicheka, na machozi yakamlengalenga. Aliikumbuka kengele ile. Marehemu baba yake alikuwa akirudi na treni jioni kutoka mashambani, na yeye na wenzake walishindana kukimbia kumpokea mzigo. Alimwomba Bwana Faki aipige mara moja tena, naye akakubali kwa furaha, kwa kuwa alikuwa hajapata msikilizaji.

Baraza lilipokutana, lilikutana kwa kusimama. Hoja ilikuwa ile ile ya siku zote: kwa nini Mtaa wa Pili hauitiki? Wa kundi la kwanza walisema wito ni mdogo, waombe baragumu kubwa zaidi. Wa kundi la pili walisema wito unasikika sana, ila Mtaa wa Pili una kiburi, tangu Asili ulikuwa na kiburi, na ipitishwe adhabu watakayoikuta wakiamka. Kundi la tatu, lenye watu wachache na makoti mazuri, lilipendekeza sheria ibadilishwe kidogo, mitaa minne ihesabiwe kuwa mmoja, asubuhi itangazwe, na wale wengine wasitajwe tena. Bwana Msellem, ambaye alikuwa akiwasikiliza kutoka mnarani huku akiendelea kuita, aliposikia hoja ya tatu alitikisa kichwa kwa hasira. Kwa sababu hakuweza kuacha kuita, hasira yenyewe ilitoka kwa maneno yale yale: "Mmeamka? Mmeamka?"

"Kuna mtu amekwenda huko kuwatazama?" Sikudhani akauliza.

Baraza likatazamana. Kwenda kumwangalia mtu unayemngoja ni kama kusema humwamini, na Asili jambo hilo halikuwepo.

Basi akaenda mwenyewe na taa yake. Alipovuka mwisho wa Mtaa wa Kwanza, nuru ya nchi ilikatika kwa nyuma yake, na akajikuta katikati ya watu waliosimama kimya. Muuza kahawa alikuwa ameinua mguu mmoja. Paka alikuwa hewani, kati ya ukuta na ukuta. Juu ya mnara wa Mtaa wa Pili alikuwepo Bwana Mbaruku, ndugu pacha wa Bwana Msellem, na Sikudhani alipanda ngazi kwa kuyabembeleza magoti yake mpaka akamfikia. Akamwinulia taa usoni.

Mtu aliyelala hafanani vile. Bwana Mbaruku alikuwa amejaza pumzi kifua kizima. Macho yalikuwa wazi, yameelekea kwa ndugu yake. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, na ulimi uko mahali unapokaa mtu anapotaka kusema "Naam". Siku ile ya kwanza Bwana Msellem alipoita, kabla hajapanga wapokezi, alimeza mate mara moja tu. Katika kumeza huko nuru ilihamia huku kidogo. Wito ukasikika, kifua kikajaa. Kisha Bwana Msellem akaanza kuuliza kama wameamka, na nuru ikakimbilia kwenye shughuli.

Sikudhani aligeuka kutazama alikotoka. Kwa mbali Mtaa wa Kwanza uliwaka wote, watu wakikimbia papo hapo, maji yakihama mitungi, na juu yao mtu mmoja mwenye mapenzi makubwa akiita kwa nguvu zote, nuru yote ya nchi ikiwa juu ya paji la uso wake. Walinyimwa jibu na kungoja kwao wenyewe. Alitaka kucheka, akaona vibaya kucheka mbele ya Mbaruku.

Angeweza kurudi hapo hapo, kwani kosa alikwisha kuliona. Lakini miguu ilimpeleka mbele, akaupita Mtaa wa Tatu bila hata kuutazama, mpaka Mtaa wa Nne, uchochoro wa pili, mlango wenye ubao mmoja uliopakwa rangi tofauti. Mama yake alikuwa barazani. Alikuwa amechuchumaa akimimina chai, na uzi wa chai ulikuwa umening'inia kati ya birika na kikombe bila kumwagika. Vikombe vilikuwa viwili. Uso wake ulielekea njiani, mdomo ukiwa katikati ya neno.

Alikuwa mdogo sana. Sikudhani hakuwa amelifikiria jambo hilo. Katika kumbukumbu zake mama alikuwa mtu mzima, mwenye kujua kila kitu. Na sasa akaona shingo laini na mikono isiyotokeza mishipa, mwanamke ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alimwekea taa karibu na shavu, ingawa alikwisha kuambiwa kwamba haiamshi. Haikuamsha. Akakaa chini mbele yake, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Alipoinuka aliona kwa mbali, nje ya mpaka, moto wa mshumaa umeinama.

Alirudi mbio, mbio za magoti yale, akaingia Barazani bila kubisha hodi.

"Wenzenu hawajalala wala hawana kiburi," akasema. "Jibu liko mdomoni mwao. Wanakosa nuru ya kulitolea, kwa sababu Bwana Msellem ameikalia."

"Mimi?" Bwana Msellem alishuka ngazi mbili, mpokezi mmoja akadaka wito. "Mimi sijaketi tangu nchi hii ianze!"

"Ndiyo maana. Keti, nyamaza, nuru itawafikia."

Ghasia iliyozuka hapo haielezeki. Walimwita mgeni, kisha wakakumbuka kwamba ni mzaliwa, wakamwita jina baya zaidi. Bi Zamzam aliinua kidole mpaka wakatulia. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema. "Sheria iko juu ya mlango. Kule kwetu tulingoja wima, na watu waliitika. Kama hapa hawaitiki, basi hatujangoja vya kutosha."

"Kule kwetu palikuwa na majua manne, dada yangu. Ulisimama ukaita chini ya jua lako, na mwenzako alikuwa na lake. Hukumnyima kitu. Hapa nuru ni moja."

"Majua ni manne," akajibu Bi Zamzam.

Wajumbe wote wakainua vichwa wakaitazama ile nuru moja, wakashusha vichwa, wakakubaliana kwamba ni manne. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema kwamba inaweza pia kuumiza macho.

Sikudhani akamfuata Bwana Msellem hadi mnarani. Aliona kwamba Baraza linatetea sheria, lakini mtu huyu analo jambo lake jingine. Wapokezi wakaachiwa wito, na wawili hao wakasimama kando, mshumaa ukionekana mpakani kama punje ya mtama.

"Nikinyamaza nuru ikaondoka," akasema Bwana Msellem, "nani atairudisha? Tutasimama hapa, midomo wazi, tukimtegemea Mbaruku. Namjua Mbaruku. Akianza kuzungumza hamalizi."

"Ni ndugu yako."

"Ndugu yangu, ndiyo." Aliifuta shingo yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyeitumia mara nyingi. "Dada Sikudhani, nitakwambia kweli. Wakati ninaita, sisikii kitu kingine. Nikinyamaza nitasikia. Na kama nikisikia kwamba hapana mtu huko?"

Swali hilo Sikudhani alilifahamu. Yeye mwenyewe alizunguka dunia nzima akijishughulisha, na alijua ni kwa nini. Akatazama chini, kwenye ukuta wa nyuma wa Baraza, chokaa yake ikiwa imechubuka mahali pamoja, kwenye kimo cha paji la uso la mtoto. Bi Zamzam hakusahau hata hilo.

"Ule si ukuta wa kibe?" akauliza.

Bwana Msellem alitazama. Uso wake mrefu ukaanza kulegea. "Ndio ule. Mimi na Mbaruku tulicheza kujificha pale mpaka tukaitwa kwa fimbo. Alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji, kila mara pale pale, na kila mara nikijifanya sijui."

"Na ilipokuwa zamu yako kungoja, ulisimama umekodoa macho ukimuuliza, 'Umejificha? Umejificha?'"

"Haiwezekani! Nani angejificha? Unafumba macho, unaegemea ukuta, unanyamaza kabisa mpaka mwenzako aseme…"

Aliutazama ukuta, kisha akautazama Mtaa wa Pili uliokuwa gizani.

Mwigo jambo jipya hupita kwa mlango mmoja tu: lithibitishwe kwamba ni la zamani. Wakashuka kwa Bi Zamzam. Sikudhani akamuuliza, mbele ya Baraza zima, kama mchezo wa kibe ulikuwepo Asili au haukuwepo. Bi Zamzam alishtuka, maana alitarajia ubishi mwingine.

"Ulikuwepo," akasema. "Nimeucheza mwenyewe, ukuta huu huu. Nilikuwa mwembamba siku hizo, walikuwa hawanipati." Wajumbe wakacheka, na yeye pia, kidogo. "Siku moja nilijificha kwenye pakacha la nazi mpaka nikasinzia. Walinitafuta hadi magharibi."

"Na yule anayengoja wenzake, sheria ya mchezo ilimtaka afanye nini?"

Kicheko kikamtoka Bi Zamzam usoni. Alielewa ameongozwa wapi, na alikuwa mtu wa haki. Hakuweza kuukana ushahidi aliokwisha kuutoa kwa furaha. Alitazama maneno yaliyochongwa juu ya mlango. Alimtazama Bwana Msellem, aliyekonda kwa mapenzi. Kisha akarudisha ile sauti yake ya mikutano.

"Huko si kuketi," akatangaza. "Ni kucheza. Kucheza kulikuwepo Asili, kwa hiyo ni halali. Mtaa mzima utacheza kibe, na yeyote atakayechungulia atatozwa faini."

Kutoka wakati huo mambo hayakukawia. Mitungi ikawekwa chini. Waliokimbia wakasimama. Bwana Faki akaning'iniza kofia yake kwenye kengele. Watu wazima, wenye heshima zao, wakajipanga ukutani, paji la uso kwenye chokaa, na minong'ono na vicheko vya chini kwa chini vikapita kwenye safu. Bwana Msellem ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliiita mitaa yote mitatu kwa pumzi moja. Aliweka paji lake pale palipochubuka, ikambidi apige magoti.

"Kama hapana mtu…" akaanza.

"Fumba macho, ndugu yangu," Sikudhani akasema.

Akafumba, akanyamaza. Ule ukimya haukuwahi kusikika Mwigo. Sikudhani aliona nuru inainuka kutoka mabegani mwa watu, ikitafuta shughuli na kuikosa, kisha ikaondoka. Safu nzima ikaganda ukutani. Bi Zamzam aliganda akichungulia, jicho moja wazi. Hakuna aliyewahi kumtoza faini, ila nimeona nisilifiche jambo hilo.

Kazi ya fundi ilikuwa kubaki pale aone matokeo. Sikudhani hakubaki. Alishika njia ya Mtaa wa Nne, na alipokuwa bado njiani alisikia kutoka mnara wa pili sauti kama ya Bwana Msellem ila yenye unene zaidi, ikitoa lile neno lililongoja kooni tangu kuanzishwa kwa nchi: "Naam!" Paka akatua ukutani. Bwana Mbaruku hakuongeza hata neno moja, jambo ambalo ndugu yake haliamini mpaka leo. Sheria ilimtaka aliyeitika aketi angoje kazi, naye akaketi. Nuru ikavuka. Mtaa wa Tatu ukaitika. Nuru ikampita Sikudhani njiani, ikawaka ukuta kwa ukuta mbele yake, na akaifuata huku amekusanya doti lake kwa mkono mmoja, akihema kama mvukuto.

Alifika barazani wakati uzi wa chai unamalizikia kikombeni.

"…atakuja tu, usimseme vibaya," mama yake akamaliza kumwambia mtu aliyekuwa ndani. Ndiyo iliyokuwa sentensi. Mnara wa nne ukaitika kwa nyuma, na huko mpakani mlinzi akauzima mshumaa kwa vidole, haukuwa umebaki hata wa kushika. Mtaa wa Kwanza ukapata nuru yake tena, na Bwana Msellem, ambaye kwake palipita muda wa kupepesa jicho tu, akasikia majibu matatu yakimjia kwa pamoja, akabaki amepiga magoti ukutani akilia kama mtoto. Milango ya maduka ikaanza kufunguliwa. Bibi harusi akanawa mikono. Jua la Mwigo, moja, likapanda.

Tangu hapo nuru huzunguka, kila mtaa ukipumzika kidogo na kuwaachia wenzake, kwa upesi ambao wenye nchi hawauoni. Wao husema siku ni moja na imenyooka. Aliyeziona zile nafasi za kusimama ni Sikudhani peke yake, kwa sababu ya taa yake. Aliona mama anainua macho, anasimama hivyo hivyo, nuru inakwenda inarudi, na mama anamaliza kuinua macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujishughulisha na kitu. Katika kila nafasi alingoja, kimya.

Mama aliona kwenye kizingiti chake ajuza mwenye nywele nyeupe, doti limejaa vumbi. Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

Sikudhani alilisikia lile neno, kwa sauti ile ile aliyoifuata. Alijua jinsi linavyojibiwa. Ilimchukua zaidi ya nafasi moja kulitoa jibu.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu chai. Inaonekana umetoka mbali." Mama alishika kikombe kimoja, akasita, akakirudisha chini, akamwita aliye ndani alete kingine. "Utanisamehe, bibi, hiki nimemmiminia binti yangu. Ametoka kidogo, kwenda kusoma. Hapendi kukuta chai imepoa."

"Vizuri," akasema Sikudhani. "Mwachie."

Wakanywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi, kama alivyokuwa akilalamika alipokuwa mtoto. Mama alizungumza juu ya asubuhi, kwamba leo imekuja vizuri, na kila baada ya maneno machache aliinua shingo kutazama njia, kushoto, kulia, akiupita uso wa mgeni wake. Mwishowe akatabasamu kwa haya, akamgusa goti.

"Bibi yangu, usinione sina adabu. Hapo ulipokaa unanizibia njia. Mwanangu akija sitamwona."

Sikudhani akachukua kikombe chake, akasogea.